Vitanda Arobaini na Nane

Kwa miaka tisa Bakoly alikuwa akisogeza vitu visivyoshikika. Asubuhi anawasha kompyuta, anafungua jengo lililoko Ufaransa, ambalo halijachimbiwa hata msingi, na mpaka jioni anahamisha masinki, milango, makabati na vitanda: hiki sentimita tano huku, kile milimita ishirini kule. Akifunga mashine na kuteremka ngazi kwenda nyumbani, duniani hakuna kilichosogea. Kilichokuwa kikienda ni mkono wake wa kulia, na ulikuwa ukienda pabaya.

Maumivu yalianzia kwenye kifundo, yakapanda kiwiko, sasa yalikuwa yakibisha begani. Nguo za nyumbani alikuwa akizikamua mumewe, Solofo, mwalimu wa hisabati, ambaye alifunga mlango wa uani ili majirani wasimwone. Kisamvu Bakoly aliacha kutwanga; alinunua kilichokwisha kutwangwa, na kila Jumapili mama mkwe wake alitafuna taratibu, akasimama katikati ya tonge na kusema, "Mchanga."

Daktari alikuwa ameukunja mkono ule na kuukunjua kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango.

"Mama, kazi yako ni gani?"

"Naweka vitanda."

"Vizito?"

"Havina uzito, daktari. Ni vya kwenye kompyuta."

Daktari alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akasema mkono ule ukiendelea kukamata kipanya saa nane kwa siku, baada ya miaka miwili hautashika kijiko. Akamwandikia dawa ya kuchua.

Ndiyo sababu Bakoly alikitaka kiti cha ukaguzi. Mkaguzi wa ofisi yao, mzee Ratsimba, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Mkaguzi hasogezi kitu. Anakaa dirishani na michoro iliyochapishwa, anatazama alichoweka mwenzake, na penye kosa anazungushia duara jekundu. Ni macho tu, na kalamu. Mkuu wa ofisi, Bwana Herilaza, alikuwa amemwita Bakoly pembeni na kumwambia, "Dada, kiti ni chako. Maliza samani za ile nyumba ya wazee. Zisirudi tu. Zikirudi nitashindwa kukutetea kwa wenye hisa."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kutunzia wazee, vyumba tisini na sita. Bakoly alishukuru aliposikia ni vitanda. Vitanda alivijua.

Alikuwa amejifunza kuchora zamani, shule ya ufundi, kwa kalamu za wino na karatasi inayopitisha mwanga. Mwajiri wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja mchora ramani, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku hizo kusogeza kitanda kulikuwa na gharama yake. Unakwangua wino kwa wembe, unapuliza vumbi, unasugua karatasi kwa ukucha ili isinywe wino mpya, na ukikwangua mahali pamoja mara tatu karatasi inatoboka, unaanza upya ramani nzima. Kwa hiyo mtu alifikiri kwanza, akaweka baadaye. Sasa kusogeza hakugharimu kitu, na kwa kuwa hakugharimu kitu, kila mtu aliagiza kusogezwa. Wafaransa waliamka wakataka makabati yahame. Kesho yake wakataka yarudi. Bakoly hakulalamika. Alihamisha, akarudisha, na kwenye daftari lake dogo akaandika tarehe.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu katika mtaa wa Isoraka, watu kumi na mmoja katika chumba kirefu. Ukutani Herilaza alikuwa amebandika tangazo: TUNAPOZUNGUMZA NA WATEJA TUSEME KUSHOTO NA KULIA. Alilibandika baada ya Nomena, mwanamke wa mabomba na mwenye mdomo kuliko wote, kumwambia mhandisi mmoja wa Lyon kwenye simu kwamba sinki lake liko kusini mno, na yule mhandisi akakaa siku mbili akitafuta dira. Tangazo lilikuwa la wateja. Kati yao wenyewe waliendelea kutaja kila kitu kwa kaskazini na kusini, kama walivyozaliwa.

"Lova, sogeza kikombe chako kaskazini, kitamwagikia kibodi."

"Na wewe una punje ya wali, mashariki ya mdomo."

"Mashariki gani, hapa?"

"Mashariki, Nomena! Umeula huo wali au umeuoga?"

Lovasoa, huyo Lova wa kikombe, ndiye aliyefanya kazi pamoja na Bakoly kwenye ile nyumba ya wazee. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mnene, mtulivu, mwenye kuimba zaburi puani bila kujisikia. Naye alikitaka kiti. Kila mtu alijua, na yeye alijua kwamba wanajua, kwa hiyo alizidi kuwa mwema kwa Bakoly mpaka ikawa taabu kidogo.

Kazi yenyewe ilipangwa hivi. Vyumba vilijengwa viwili viwili, vimepeana migongo, ukuta mmoja katikati. Ndani ya ukuta huo mlipita mabomba ya hewa ya oksijeni, na matundu yake yalitokeza pande zote mbili, kila tundu juu ya kichwa cha mgonjwa, pamoja na kitufe cha kumwitia muuguzi. Bakoly aliweka kitanda cha chumba cha kwanza, kichwa ukutani, mahali litakapokaa tundu. Kisha akatumia amri ya kioo: unaonyesha ukuta, unabonyeza, na chumba cha pili kinazaliwa upande wa pili kama uso wa mtu ndani ya maji. Pacha wawili, vichwa vimekaribiana, ukuta kati yao. Akarudia mara arobaini na nane. Lovasoa alikuja nyuma yake akiweka matundu na vitufe. Ijumaa wakatuma.

Jumatatu asubuhi simu ilipigwa kutoka Nantes. Herilaza aliiweka sauti ya juu ili wote wasikie, maana alidhani ni pongezi. Aliyepiga ni Bi Maryvonne, mratibu wa mradi, mwanamke asiyepandisha sauti hata kidogo.

"Bwana Herilaza, nimetazama vyumba vyote. Kazi safi, inapendeza. Nina swali dogo tu. Mgonjwa wa chumba namba mbili akikosa pumzi, anatakiwa apumulie kwa miguu?"

Nomena alijiuma kidole.

"Samahani, Bi Maryvonne?"

"Oksijeni iko upande wa miguu. Chumba cha pili, cha nne, cha sita. Namba shufwa zote, bwana. Arobaini na nane. Nimekuwekea alama."

Herilaza alifungua faili. Skrini ikajaa alama nyekundu, safu kwa safu, kama pilipili zilizoanikwa.

Simu ilipokatwa akawageukia wawili wale. "Nani?"

"Matundu yako mahali pake," alisema Lovasoa upesi, kisha akaona haya kwa ule upesi wake.

"Na vitanda viko mahali pake," alisema Bakoly. "Nilivitoa kwenye kioo Jumatano. Vichwa vyote ukutani, panapokaa matundu. Nimeandika." Akafungua daftari. Ilikuwa imeandikwa: *Jumatano. Vitanda 96. Sawa.*

"Basi vimetembea," alisema Herilaza. "Wazee wenyewe hawatembei, vitanda vyao vinatembea."

Akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Mzee Ratsimba, dirishani, alitikisa kalamu yake nyekundu, akaitazama ncha.

Bakoly alikaa. Kazi ilikuwa imerudishwa, na kiti kilikuwa kikimponyoka, na hakujua kwa kosa gani. Alifungua chumba cha pili akakitazama. Kitanda kilikuwa kimekaa vizuri mno. Alitazama cha nne. Nacho kilikaa vizuri. Hilo lilimsumbua kuliko hasira ya Herilaza: hata baada ya kuambiwa, jicho lake halikuona kosa.

Saa sita wenzake waliteremka kwenda kula wali kwa mama wa pembeni. Bakoly alibaki na chombo chake na chupa ya maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali. Lovasoa naye hakuteremka. Alisubiri ngazi zinyamaze.

"Dada, njoo uone kitu. Ukishaona nitafunga, na mimi sijaona."

Alikwenda. Lovasoa alibonyeza kitanda cha chumba cha pili, akafungua ile taarifa ndogo inayosema nani wa mwisho kukigusa. *Bakoly.* Chumba cha nne: *Bakoly.* Cha sita, cha nane, cha kumi. Alibonyeza mpaka cha ishirini, akaacha.

"Haiwezekani," alisema Bakoly. "Ni kwa sababu mimi ndiye niliyevizaa."

"Vya namba witiri pia umevizaa wewe. Hivi hapa vimeguswa tena Alhamisi mchana. Kimoja kimoja."

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja, dada. Kwa mkono."

Alhamisi mchana. Alikumbuka Nomena akisimulia habari za mwenye nyumba wake na yule bata mzinga, ofisi nzima ikicheka. Alikumbuka mkono ukiwaka moto. Alidhani alikuwa akinyoosha vitanda tu, akivisafisha, kama mtu anavyopita chumbani jioni akisawazisha mashuka.

"Ngoja," alisema Lovasoa. Alichukua kitanda cha chumba cha pili, akakigeuza, akakisukuma mpaka kichwa kikakaa chini ya tundu la oksijeni, upande wa chini wa skrini. "Hapa ndipo kinapotakiwa. Kitazame."

Bakoly alikitazama. Kilikuwa sahihi. Tundu juu, kitufe pembeni, nafasi ya kiti cha magurudumu sentimita tisini. Lakini kitu fulani kilimkaa vibaya shingoni, kama kola ya nguo iliyopinduka ndani. Mtu angelala pale, kichwa kusini, miguu imeelekea kaskazini, upande wa wahenga, ambako kwao mtu haelekezi miguu. Na kabla hajamaliza wazo hilo mkono wake wa kulia, ule mgonjwa, ulikuwa tayari umefika kwenye kibodi. Kibonye kirefu mara mbili. Kitanda kikazunguka. Kipanya, vuta. Kichwa kaskazini.

Wakatazamana.

"Umeona?" alisema Lovasoa.

Alikuwa ameona. Aliona pia mkeka wa chumba cha bibi yake, watoto saba wamelala kama samaki, na bibi akipita na taa kabla ya kuizima. Aliyelala kichwa kusini alishikwa vifundo vya miguu akazungushwa bila kuamshwa. "Nani huyu analala kama mchawi?" Bibi hakuwa na ukali katika jambo hilo. Alikuwa anaweka vitu mahali pake.

"Mara arobaini na nane," alisema Bakoly. "Na huu mkono."

"Mimi sikuona ajabu, dada. Niliweka matundu Ijumaa nikavipita vitanda vyote. Nilijisikia vizuri kabisa. Ni yule mama wa Nantes tu, ambaye hana bibi."

"Ana bibi. Wa kwake hakujali."

Lovasoa alicheka kwa pua. Kisha akakuna kidevu. "Nikuonyeshe na hili, au niache?"

"Onyesha. Siku imeshaharibika."

"Hii kaskazini ya juu ya skrini ni ya mchoro tu. Tunaipanga hivi ili jengo likae wima kwenye karatasi. Kaskazini ya kweli, ya ardhi yao kule, ni hii." Akabonyeza. Jengo zima likazunguka polepole kwenye skrini, ghorofa tatu, kuta, milango, vyoo, na vitanda vyote tisini na sita ndani yake, mpaka likatulia limelala ubavu. Vichwa vya vile alivyovihangaikia Bakoly vilikuwa vimeelekea magharibi, na kusini kidogo.

Bakoly alicheka. Alicheka kwa uchovu, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi ashike kiti. Amejiumiza mkono kuwaelekeza wazee wa watu kwenye kaskazini isiyokuwapo popote ila kwenye kioo cha kompyuta ya Isoraka.

"Sasa sikiliza," alisema Lovasoa. "Mimi nitasema ni kioo. Amri ya kioo ina matatizo yake, kila mtu anajua. Herilaza mwenyewe anatafuta pa kutupia lawama. Niachie."

"Wewe si unakitaka kiti, mdogo wangu?"

"Nakitaka sana. Mke wangu ameshalitangazia kanisa zima, mpaka mchungaji ananiita mkaguzi. Lakini sitaki nikipate kwa kitanda, jamani. Nitawaambia nini watoto?"

Bakoly alirudi kwenye chombo chake. Wali ulikuwa umepoa. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, na kila kijiko kilimpa nafasi ya kufikiri, na kila alivyofikiri alizidi kuchoka. Kioo. Ni neno moja tu. Herilaza anataka kulisikia, Lovasoa atalisema, Bi Maryvonne atalipokea. Jumatatu ijayo anakaa dirishani na kalamu. Aliutazama mkono wake ulivyolala mezani, kifundo kimevimba kama kitumbua, akauonea huruma kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Saa nane Herilaza alitoka na karatasi mkononi. Hakumngoja Lovasoa aseme; alikuwa amekwisha kukipata kioo peke yake.

"Nimeandika barua. Sikilizeni. 'Tumegundua kwamba programu, ilipokuwa ikigeuza vyumba kwa kioo, ilivipindua vitanda yenyewe.' Programu haina mdomo, haitajitetea. Dada Bakoly, pumua. Lakini mama yule si mjinga, lazima tumwonyeshe kwamba tumelichukulia kwa uzito. Kwa hiyo nimeahidi kwamba kila kitu kilichopita kwenye kioo kitakaguliwa upya. Milango, masinki, makabati, taa, soketi. Lovasoa, Nomena, mtakagua nyinyi. Wiki tatu."

"Wiki tatu!" Nomena aliruka. "Bosi, kwani kioo kimevunjika? Mabomba yangu yana kosa gani?"

"Yalipita kwenye kioo."

"Hata wewe asubuhi ulipita kwenye kioo, na hakuna aliyekukagua!"

Watu wakacheka, Herilaza naye nusura acheke. Bakoly hakucheka. Alimtazama Lovasoa, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kuanza kuhesabu kitu kwa vidole chini ya meza. Vitu elfu nne na zaidi. Bakoly alivijua kwa idadi, alikuwa ameviandika. Vyote vilikuwa sawa, na mikono miwili mizima ingevipitia kimoja kimoja kutafuta kosa ambalo halimo.

"Bwana Herilaza, usiitume."

"Kwa nini?"

"Si kioo. Ni mimi."

Mzee Ratsimba aliweka kalamu chini.

"Niliviweka sawa Jumatano. Alhamisi nikavigeuza. Vile vilivyokuwa vimelala kichwa kusini nilivigeuza vyote."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

"Ulikuwa unafikiri nini, dada?"

"Sikuwa nafikiri. Ndiyo shida yenyewe."

Herilaza aliikunja barua. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, amesomea Toulouse, ametundika tangazo lile kwa mkono wake. Lakini Bakoly aliona macho yake yakienda kwenye skrini, kwenye kitanda kimoja ambacho Lovasoa alikuwa amekirudisha kusini baada ya chakula, na aliona jinsi yalivyokiruka haraka.

"Ningeweza kulificha hili," alisema Herilaza kwa sauti ya chini. "Unajua."

"Najua, bwana. Lakini mkaguzi ni mtu wa kuona. Mimi niligeuza arobaini na nane, na sikuona hata kimoja. Asubuhi nimeonyeshwa, bado sikuona."

"Kiti je?"

Bakoly alitaka kujibu jambo zuri, la kukumbukwa. Hakulipata. "Mpe Lova," alisema. "Mchungaji ameshamwita."

Barua mpya iliandikwa kabla ya saa kumi. Ilisema kwamba vitanda arobaini na nane vilielekezwa kimakosa na mchoraji na vitarekebishwa siku ya pili yake. Vitu vingine ni salama. Bi Maryvonne alijibu kwa mstari mmoja: asante kwa uwazi. Nomena alipita nyuma ya kiti cha Bakoly na kumwekea kipande cha koba, kile kitamu cha karanga kilichofungwa jani la mgomba, akasema, "Kula, mchawi wee," akaenda zake.

Nyumbani hakusema sana. Solofo alimchua mkono kwa dawa ya daktari, akauliza habari za kiti, akaambiwa, akaendelea kuchua. "Basi jifunze kushoto," alisema mwishowe.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi Bakoly alihamishia kipanya upande wa pili wa kibodi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima lakini mjinga. Mshale ulitangatanga kwenye skrini, ukapita kitanda, ukarudi, ukashika kabati badala ya godoro. Kwa kulia angemaliza kabla ya chai. Kwa kushoto, saa nne ilimkuta kwenye kitanda cha tisa kati ya vile arobaini na nane.

Na kila kimoja kilikuwa kazi. Kibonye kirefu mara mbili. Kitanda kinazunguka, kichwa kusini. Kisha vuta mpaka chini ya tundu. Kisha kuacha. Kuacha ndiko kulikokuwa kugumu. Alipofika cha kumi na mbili aligundua kwamba midomo yake inatembea.

"Dada, unasema nini?" aliuliza Nomena kutoka meza ya pili.

"Samahani."

"Samahani ya nini? Hujanikosea."

"Si wewe. Namwambia atakayelala humu."

Nomena alikuwa na jibu, lilionekana likija. Akalimeza, akarudi kwenye mabomba yake.

Lovasoa alikuwa amekalishwa kwenye kiti kipya tangu asubuhi, karibu na mzee Ratsimba, ajifunze kutumia kalamu nyekundu. Hakukaa huko sana. Karibu na saa tano alivuta kigoda akaja kukaa pembeni ya Bakoly, upande wa mkono mgonjwa, na kuushika upande wa kulia wa kibodi ambao haukuwa na kazi. Mkaguzi hagusi kitu; ndiyo kanuni ya kwanza. Mzee Ratsimba aliangalia nje dirishani.

"Wewe geuza," alisema Lovasoa. "Mimi nitapiga pini."

Kitu kilichopigwa pini kwenye programu ile hakisogei tena, hata ukikivuta kwa hasira, mpaka mtu aitoe pini kwa makusudi.

"Cha ngapi?"

"Cha kumi na nane."

"Kichwa kusini?"

"Kusini. Samahani," alisema Bakoly, si kwa Lovasoa, na akauondoa mkono.

"Nimepiga. Cha kumi na tisa."

Mshale ukaondoka tena kwa kuyumbayumba, ukivuka ukuta, ukitafuta godoro.